Kovu na Pazia: Historia Fupi ya Vizuizi vya Kovu Katika Upasuaji wa Mgongo

Katika Kiswahili, neno kovu hutaja alama ya jeraha lililokwisha kupona; mwenye kovu ni mtu ambaye maumivu yake yamepita. Upasuaji wa uti wa mgongo uliitia shaka maana hiyo, kwani huko kovu lilidhaniwa kuwa chanzo cha maumivu mapya. Ndipo likazuka swali: je, mwili waweza kuzuiwa usifanye kovu mahali pamoja, pasipo kunyimwa uwezo wa kujiponya?

Mwaka 1934, huko Boston, Marekani, William Jason Mixter na Joseph Barr walieleza kwamba maumivu yashukayo mguuni yaweza kutokana na kisahani cha gegedu kilichopasuka kati ya pingili za mgongo, kikaubana mzizi wa mshipa wa fahamu. Tangu hapo upasuaji wa kuondoa kipande hicho ukaenea. Wagonjwa wengi walipata nafuu. Wengine maumivu yaliwarudia, na baadhi yao walipopasuliwa tena, mizizi ya mishipa ilikutwa imegandamana na nyuzi ngumu za kovu.

Nyuzi hizo zilitoka wapi? Mwaka 1974 Henry LaRocca na Ian Macnab, kwa majaribio waliyowafanyia mbwa, walionyesha kwamba kovu huanzia katika misuli iliyojeruhiwa nyuma ya uti, likapenya katika pengo la mfupa ulioondolewa, hata likashikamana na utando ufunikao mishipa. Basi ikiwa kovu lina mlango, yafaa mlango huo utiwe pazia.

Mapazia yakajaribiwa, mojamoja. Sponji ya jelatini ilitumika. Mwaka 1976 Langenskiöld na Kiviluoto wa Ufini walitangaza matumizi ya mafuta yaliyokatwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, kitu kisicho kigeni kwake. Lakini pengine mafuta hayo yalihama, yakaibana mishipa ile ile yaliyowekwa kuilinda. Kisha zikaja jeli ziyeyukazo mwilini baada ya kupita siku za kwanza za kupona. Baadhi yake zilitengenezwa kwa asidi ya hyaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliipata katika jicho la ng'ombe, huko New York, mwaka ule ule wa 1934. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kioo.

Mwaka 1996 Ross na wenzake waliandika kwamba wagonjwa wenye kovu kubwa walielekea kurudiwa na maumivu mara 3.2 kuliko wenye kovu dogo. Mwaka 1998 jeli iitwayo ADCON-L iliidhinishwa Marekani. Mwaka 2001 ikaondolewa sokoni. Katika habari zilizoandikwa juu yake yalitajwa maji ya uti wa mgongo yaliyovuja katika matundu madogo ya utando, matundu ambayo kwa kawaida hujifunga yenyewe. Nao watafiti wengine waliopima baadaye hawakuona uhusiano kati ya ukubwa wa kovu na maumivu.

Hivyo pazia lililozuia kovu lenye madhara liliweza pia kuzuia kovu lenye manufaa, hali hatia ya kovu lenyewe haijathibitika. Uchunguzi wa vizuizi vipya ungali ukiendelea. Bali kila kipya hudaiwa ushahidi wa mambo mawili: kwamba kovu limepungua, na kwamba mgonjwa amepona. La kwanza halikuwa dhamana ya la pili.