Kidudu cha TB Pia Kinajua Kiangazi

Wasee, leo tuanze na kondoo. Nikiwa mdogo Kakuma, babu alinionyesha mkia wa kondoo baada ya mvua: mnono, umejaa mafuta. Kiangazi kilipokaza, mkia ukakonda lakini kondoo akaishi. Alikuwa anakula akiba.

Kidudu cha TB kina ujanja huo huo, ila akiba kinayokula ni yako.

Mwaka 1956, Segal na Bloch walitoa vidudu vya TB kwenye mapafu ya panya wagonjwa. Wakavipa sukari, vikazubaa. Wakavipa asidi za mafuta, vikachangamka. Mwaka 2008, Pandey na Sassetti wakaonyesha kwamba vinatumia hata kolesteroli ya mwili ili vidumu. Yaani chembe za ulinzi zinakimeza kidudu, halafu badala ya kufa, kinazifanya zijae matone ya mafuta. Kinatulia humo, kinakula polepole. Na dawa nyingi zinapiga kidudu kinachozaana. Kilichotulia zinakipita tu.

Ndiyo maana zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu. Utafiti ulioanza 1970 hapa kwetu Afrika Mashariki, pamoja na Waingereza, ndio ulionyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, miezi 6 inaweza kutosha. Dunia nzima inameza faida yake mpaka leo.

Lakini miezi 6 kwa mfugaji ni mirefu. Mbuzi hawangoji kliniki. Mwaka 1976 kule Wajir, Muitaliano Annalena Tonelli akageuza mambo: wagonjwa wajenge manyatta zao karibu na kituo, wakae na familia, wameze dawa mbele ya mhudumu. Hizo ndizo manyatta za TB, na mtindo ukaenea kwa wafugaji wa kaskazini mpaka huku Turkana.

Sasa mbona naandika haya? Binamu yangu alianza dozi Lodwar. Miezi 2, kikohozi kikaisha, akarudi kwa mifugo. Mvua zilipofika alikuwa anakohoa tena, amekonda kuliko mwanzo. Watu wakasema ni mzembe. Na mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, nilisema hivyo hivyo kwa sauti. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kujisikia fiti si kupona, kwamba kuna vidudu bado vimekaa kwenye mafuta vikingoja dawa iondoke. Tonelli hakuwaita wafugaji wazembe. Alibadilisha matibabu yawafuate maisha yao.

Binamu ameanza upya, yuko mwezi wa 4. Kila jioni nampigia na swali moja: umemeza? Ananicheka, lakini anajibu.

Kama uko mwezi wa pili na unajisikia poa, usiache. Kikohozi kinaweza kuisha na kidudu bado kiko ndani, kinavumilia kiangazi chake.