Nyuma ya bibi arusi kuna nini?



Kila siku ya posho, mvua ikituachilia, mu Bukavu tunasikia honi za msafara wa arusi. Ndoa imekwisha kufungwa kanisani, chakula bado kiko ku moto, na katikati ya hayo mawili kuna saa moja au mbili za kupiga picha. Mpiga picha anatafuta vitu vitatu: maji, mti mkubwa na nyumba ya zamani. Kwetu vyote viko. Ziwa Kivu liko pale, karibu mita 1460 juu ya bahari, na mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya maji kama vidole vya mkono. Majumba ya wakati wa Wabelgiji yangali yamesimama. Na mwenye pesa ya mafuta ya gari anapanda mpaka Kabare, mu mashamba ya chai, ama anaendelea mpaka Lwiro, kwenye majengo na bustani za watafiti.

Mimi nilisoma kilimo, si historia. Lakini kuna jambo lilinikuta ku arusi ya rafiki yangu, na tangu siku ile siangalii tena picha ya ndoa kama zamani.

Tulikuwa tumefika mu shamba la chai. Jua lilikuwa zuri, michai imekatwa sawasawa kama meza. Mpiga picha akaita familia ya bwana arusi. Wote wakaja, isipokuwa shangazi yake, mama wa miaka kupita sabini. Yeye alibaki ku barabara, mkono ku kiuno. Nikamwendea: «Shangazi, karibu basi, wanakungojea wewe tu.» Akanijibu polepole: «Mwanangu, pigeni tu. Mimi hapa siwezi kucheka. Hapa ndipo palikuwa nyumba ya baba.»

Nilijua magonjwa ya chai, nilijua udongo wenye asidi ambao chai inapenda. Hilo la nyumba ya baba sikufundishwa.

Tuanze na picha yenyewe. Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari 1840, malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert. Gauni lake jeupe ndilo lilisaidia sana kueneza desturi ambayo mpaka leo inatufanya tukodishe magauni meupe. Lakini siku ile hakuna aliyewapiga picha. Ile picha inayoonyeshwa mara nyingi kama picha ya ndoa yao ilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854. Miaka kumi na mine ilikuwa imepita, na tayari walikuwa na watoto wanane! Kumbe tangu mwanzo, picha ya namna hii haionyeshi tu kilichotokea. Inaonyesha pia namna watu wanavyotaka kukumbukwa.

Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na zilidai mtu asimame bila kutikisika. Njo maana maarusi walikwenda studio, wakasimama mbele ya kitambaa kilichochorwa bustani, ngazi ama nguzo za jumba. Mu Kongo pia studio zilifanya kazi hiyo miaka mingi. Na serikali ya koloni ilikuwa na idara yake ya habari, Inforcongo, ambayo picha zake za miaka ya 1950 zilipenda kuonyesha familia za Wakongo walioitwa «walioendelea»: baba na tai, mama amekaa vizuri, watoto wamevaa viatu, nyumba safi. Familia zile zilikuwa za kweli. Lakini aliyechagua kitu gani kionekane nyuma yao alikuwa mwingine.

Baadaye kamera zikawa nyepesi, na maarusi wakatoka nje. Bustani iliyochorwa ikapata bustani ya kweli mahali pake. Wengi tunafikiri ni mabadiliko ya teknolojia tu. Si hivyo. Kitambaa cha studio hakina historia nyingine. Shamba linayo.

Historia ya mashamba yetu inaanza na neno moja: «tupu». Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Leopold II ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya Leta. Sisi wa kilimo tunaweza kusema vizuri kosa liko wapi. Shamba linalopumzika miaka miwili au mitatu si tupu, linarudisha nguvu. Malisho ya ng'ombe si tupu. Msitu wa kuni na dawa si tupu. Mu Bushi, mtu alipewa ardhi kwa kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mwami ama kwa mkubwa wa mahali, akapata haki ya kulima na kuwarithisha watoto wake. Hakukuwa na karatasi, lakini kulikuwa na ng'ombe, na kulikuwa na mashahidi.

Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyofuata mfano wa Comité Spécial du Katanga ya mwaka 1900. Kazi yake mojawapo kubwa ilikuwa kugawia walowezi ardhi. Hewa ya milima ilikuwa nzuri, udongo wa volkano ulikuwa mzuri. Wakaja na kahawa, chai na kinkina, ule mti ambao ganda lake linatoa kinini, dawa ya malaria. Bukavu ilikuwa ikiitwa Costermansville, na iliendelea kuitwa hivyo mpaka miaka ya 1950. Nyumba nyingi za ukingo wa ziwa, zenye veranda na ngazi za mawe ambazo leo maarusi wanazipenda, zilijengwa wakati huo. Mkongo aliingia mule kama boyi, mpishi ama mtunza bustani. Kuingia ili apigwe picha na mke wake, hapana.

Vita vya pili vya dunia vikaongeza uzito. Mwaka 1942 Japani iliteka Java, ambako kinkina nyingi ya dunia ilikuwa ikitoka. Kinkina ya Kivu ikawa na thamani kubwa ghafla. Mwaka huohuo koloni iliongeza siku za kazi za lazima vijijini, kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Na vibarua walipokea posho, yaani chakula cha juma: unga, maharagwe, chumvi. Siku ya kugawa ile chakula ndiyo ikabaki na jina. Njo maana mpaka leo tunasema «siku ya posho». Tunaoa siku ambayo jina lake lilitoka ku mstari wa vibarua, na wengi hatujui.

Nisiwaseme walowezi peke yao, fani yetu pia iko mu picha. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya koloni, iliundwa mwaka 1933, na kituo chake cha Mulungu kilishughulikia kahawa, chai na kinkina. INERA ya leo ilirithi kile kituo. IRSAC nayo iliundwa mwaka 1947, na Lwiro, zaidi kidogo ya kilomita 40 kaskazini ya Bukavu, ikawa makao yake makubwa. Utafiti ule ulisaidia walowezi. Lakini uliacha pia vitu ambavyo wengi wetu tumetumia kwa kuandika memware: majina ya mimea, vipimo vya mvua, ramani za udongo. Na baada ya uhuru, wakati wafadhili waliondoka na vita vikapita, ni watafiti na wafanyakazi Wakongo waliobaki wakafungua milango asubuhi, wakapangusa vitabu vya maktaba, wakakata majani. Bustani ya Lwiro ni ya aliyeichora, lakini ni zaidi ya aliyeitunza.

Basi mtu atauliza: baada ya uhuru, mbona ardhi haikurudi kwa wenyewe? Mwaka 1966 sheria inayoitwa Bakajika ilirudisha kwa Leta mamlaka juu ya ardhi. Tarehe 20 Julai 1973 sheria nyingine ikasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta, isiyoweza kuondolewa mikononi mwake. Ardhi za desturi ziliachiwa ordonansi ya raisi, na miongo mingi ikapita bila ile ordonansi kutoka. Halafu tarehe 30 Novemba 1973 ikaja zairianizesheni: mashamba ya wageni yakapewa Wazairwa, mara nyingi watu wa karibu na utawala. Jina la mwenye shamba likabadilika. Mpaka wa shamba haukurudi nyuma hata hatua moja. Na kalinzi ya baba wa shangazi haikuandikwa popote.

Swali hili haliko kwetu tu. Mu majimbo ya kusini ya Marekani, majumba ya mashamba makubwa ambako watumwa walilimishwa pamba na mpunga yanakodishwa kwa arusi. Mwaka 2012 waigizaji Blake Lively na Ryan Reynolds walioana pale Boone Hall, South Carolina, ambako vijumba vya watumwa vingali vimesimama. Mwaka 2020 Reynolds aliomba msamaha mbele ya watu wote. Kabla ya hapo, Desemba 2019, Pinterest na The Knot, ambazo watu wengi wanatumia kwa kupanga arusi, walitangaza kwamba watapunguza kuyasifia mashamba hayo kama mahali pa arusi.

Je, na sisi tufanye hivyo? Tuseme hakuna mtu kupiga picha mu chai, hakuna mtu kusimama ku ngazi za nyumba ya mlowezi?

Mimi nasema hapana, na ninatoa sababu. Kule Marekani, mara nyingi anayekodisha na anayesimama mbele ya kamera si mjukuu wa aliyelimishwa. Kwetu ni mjukuu mwenyewe. Anaposimama na kostimi yake pahali babu yake alisimama na panga, kuna kitu kinarudi. Kidogo, lakini kinarudi. Tatizo ni kwamba kinarudi bila jina. Picha inakwenda mu telefone, watu wanasema «mahali pazuri sana, ni wapi?», na jibu ni jina la kampuni ama la hoteli. Kwa watoto wetu ile picha itasema kwamba pale palikuwa siku zote bustani. Hapo tunarudia sisi wenyewe lile neno la mwaka 1885: tupu.

Wengine watasema: ya zamani yamepita, siku ya arusi ni ya furaha, usituletee kilio. Ninawaelewa. Mimi pia nilikuwa na njaa siku ile na nilitaka turudi kula. Lakini shangazi hakulia, wala hakukataza mtu kufurahi. Alikataa tu kusimama mu picha isiyomjua.

Niliporudi kumwona ku barabara, nikamwuliza: «Nyumba ilikuwa upande gani?» Akanyosha kidole. Katikati ya mistari ya chai, mbali kidogo, kulikuwa drasena tatu za zamani, shina nene, zimeota karibu-karibu. Nilikuwa nimeziona tangu tulipofika, nikafikiri zilijiotea tu. Lakini ku vilima vyetu drasena inapandwa na mtu: ku mpaka wa shamba, ku uzio wa nyumba. Ni mti unaokatwa ukachipuka tena, njo maana wazee waliuchagua kwa alama. Anayepanda chai hana sababu ya kupanda drasena tatu katikati ya mistari yake. Mimi mwenye lisansi ya kilimo nilikuwa nimesimama mbele ya karatasi ya nyumba ile, na nilikuwa sijui kuisoma.

Nikamwambia bwana arusi sikioni. Hakujibu. Alimshika bibi arusi mkono, wakapita mu njia ya wachumaji, polepole juu ya lile gauni, na shangazi nyuma yao. Mpiga picha alinung'unika kwamba pale mwangaza si mzuri, na ziwa halionekani. Ilikuwa kweli. Picha ile ina kivuli upande mmoja, na bibi arusi ameinamia kushika pindo la gauni. Shangazi amesimama wima, kiganja ku shina la drasena. Hacheki.

Ndugu zangu, mukienda kupiga picha, ombeni ruhusa kwa mwenye mahali wa leo, na musikanyage chai ya watu. Lakini mbele ya hiyo, ulizeni wazee: hapa palikuwa pa nani? Mahali pengine watajibu, pengine watanyamaza. Halafu picha moja, hata moja tu, muitoe ku karatasi, na nyuma yake muandike majina, tarehe, kilima, na jina la aliyelima pale mbele ya wote. Telefone inaibiwa, karatasi inaweza kukaa mu sanduku miaka hamsini.

Rafiki yangu alifanya hivyo. Nyuma ya ile picha kuna jina la bibi arusi, jina lake, jina la shangazi, na jina la babu yake. Mwaka wa kuondolewa shangazi hakuujua, alikuwa bado ku mgongo wa mama yake. Wakaandika tu: «mbele ya uhuru».