Sufuria Imechorwa, Jembe la Mfipa Je?

Kuna picha moja ya rangi za maji, maarufu kweli kweli. Ndani hakuna mfalme, hakuna vita, hakuna mrembo. Kuna sufuria ya bluu, zile ambazo zikidondoka rangi inabanduka, jagi jeupe la maziwa na matufaa. Basi. Aliichora Mfaransa Paul Cézanne, miaka michache kabla hajafa mwaka 1906. Leo inatunzwa kwenye jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles.

Yaani vyombo vya jikoni tu, vimepanda ndege mpaka Marekani!

Sasa miaka ile ile, huku kwetu kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mchoraji angeingia nyumba ya kawaida angekuta nini? Chungu cha udongo, kinu na mchi, ungo wenye ulezi, kibuyu, shuka kwenye kamba na jembe nyuma ya mlango. Picha kamili hiyo. Na kila kitu kimetengenezwa hapo hapo.

Chukua jembe. Usidhani lilitoka dukani. Watu walitafuta mawe yenye chuma, wakachoma mkaa, wakajenga tanuru la udongo linaloitwa ilungu, refu kumpita mtu mzima, mengine karibu mita 3. Halikuvutiwa mivukuto. Chini lilikuwa na matundu, hewa inaingia yenyewe na moto unapanda. Chuma kikitoka bado kina uchafu, kinapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, hapo sasa ndiyo mivukuto inafanya kazi. Mhunzi anamalizia kwa nyundo.

Na haikuwa kazi ya mchezo mchezo. Ilungu lilitunzwa kama bibi harusi, lilipambwa, likawekewa dawa, na wayeyushaji walijizuia kukutana na wake zao mpaka kazi iishe. Kwao chuma kilikuwa kinazaliwa. Ndiyo maana jembe lililima ulezi na mahari pia lililipa.

Shuka nalo hivyo hivyo. Wafipa walilima pamba, wakasokota uzi, wakafuma wenyewe. Wazungu waliopita karne ya 19 waliikuta kazi hiyo.

Kilichowamaliza hakikuwa uvivu. Ukoloni ulikuja na kodi, na madukani yakaingia majembe ya kiwandani na nguo za bei rahisi. Nani akeshe wiki nzima na tanuru wakati jembe linauzwa tayari? Moto ukazimika kimya kimya.

Wanahistoria wa mambo ya kale, kama Bertram Mapunda, baadaye walikwenda kuyachunguza malungu hayo. Mengine bado yamesimama porini huko Nkasi, yamepasuka, nyasi zimeyazunguka. Lakini majina ya waliowasha moto? Wengi hawajulikani kabisa.

Ukweli ni kwamba hata aliyetengeneza ile sufuria ya bluu hajulikani. Tofauti ni moja tu: kuna mtu alikaa chini akaitazama.

Simu yako ina kamera. Siku ukienda likizo Sumbawanga, kabla lile jembe la zamani halijauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, lipige picha. Halafu kaa na bibi umuulize: hili alilifua nani?