Aloi: Mchanganyiko au Msombo?

Walimu na wafasiri wengi wamezoea kuieleza aloi kuwa ni mchanganyiko wa metali. Maelezo hayo yamtosha mhunzi. Anayeunda istilahi, hata hivyo, hana budi kuijua habari ya ugunduzi uliofanyika Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1903 Friedrich Heusler, mkemia wa Dillenburg, alitangaza kwamba aloi ya shaba, manganizi na alumini huvutwa na sumaku kwa nguvu, mfano wa chuma. Hakuna hata moja kati ya metali hizo tatu yenye tabia hiyo ikiwa peke yake. Ikiwa aloi ni mchanganyiko tu, sumaku hii ilitoka wapi? Mchanga uliochanganywa na chumvi hubaki mchanga, na chumvi hubaki chumvi.

Miaka thelathini na zaidi ilipita kabla mpango wa atomi zake haujabainishwa. Mwaka 1934 A. J. Bradley na J. W. Rodgers waliichunguza fuwele ya aloi hiyo kwa eksirei, wakaona kwamba kila atomi ina mahali pake maalumu. Katika mchemraba unaojirudia ndani ya fuwele mna atomi 16: 8 za shaba, 4 za manganizi na 4 za alumini. Katika manganizi tupu atomi hukaribiana mno, na usumaku wa moja huelekea kuubatilisha wa jirani yake. Katika aloi ya Heusler zimetenganishwa. Zilizo karibu zaidi huachana kwa nanomita 0.42 hivi, na usumaku wa zote huelekea upande mmoja.

Mpango huo si wa kudumu katika kila hali. Aloi ikipashwa moto sana kisha ikatoswa majini ghafla, mpango huhifadhika. Ikiachwa ipoe polepole, huweza kugawanyika kuwa vitu vingine, na sumaku yake ikadhoofika. Metali ni zile zile, kwa vipimo vile vile!

Kwa hiyo twapendekeza aloi libaki jina la jumla, ambalo Heusler mwenyewe alilitumia kwa Kijerumani, na msombo wa metali liwe la zile aloi ambazo atomi zake zina uwiano na mahali maalumu. Wapo wanaopendelea kampaundi. Hatuna ugomvi nao, ili mradi wasiandike mchanganyiko.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Sumaku kali za neodimi, zilizotangazwa na watafiti wa Japani na Marekani katika miaka ya 1983 na 1984, na ambazo leo zimo katika mota nyingi za umeme, hutegemea msombo wenye atomi 2 za neodimi, 14 za chuma na 1 ya boroni. Boroni si metali hasa, na hapo msombo peke yake latosha. Mfasiri aandikaye “mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni” atamfanya fundi aamini kwamba kuviyeyusha pamoja kwa kadiri yoyote kutampa sumaku ile ile.