Brevium: jina lililokufa na kiini chenye nyakati mbili

Katika majina yote ambayo wanakemia wamewahi kuyapa elementi, ninalolipenda zaidi ni moja lisilotumika tena: brevium. Walilitoa Kasimir Fajans na Oswald Göhring mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1913, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya "fupi". Elementi nyingine zina majina ya miungu, ya nchi, ya rangi. Hii iliitwa kwa umri wake. Nusu-uhai wake ni kama dakika 1 na sekunde 10: uwe nayo kiasi gani vile, muda huo ukipita nusu imeshageuka kitu kingine, ukipita tena inabaki robo, na kuendelea.

Walipimaje? Chombo cha enzi zile kilikuwa elektroskopu, kisanduku chenye jani jembamba la dhahabu linaloinuka likipewa chaji ya umeme. Mionzi ikipita kwenye hewa ya mle ndani, chaji inavuja na jani linashuka. Likishuka haraka, mionzi ni mingi, likijivuta, imepungua. Mtu anakaa na saa mkononi, anatazama jani, anaandika. Kisha anarudia, na kurudia tena. Kiini chenyewe hakuna aliyekiona. Kilichopimwa ni mwendo wa kufifia tu, na ninalitaja hili mapema kwa sababu kisa chote kinaning'inia kwenye jani hilo.

Mwaka 1918 Otto Hahn na Lise Meitner, wa Berlin, walitangaza ndugu wa brevium: isotopu nyingine ya elementi ileile, yenye umri wa maelfu ya miaka. Kuiita elementi ya namna hiyo "fupi" kungekuwa kichekesho, basi jina jipya, protaktini, likashinda. (Sehemu kubwa ya kazi ya maabara aliifanya Meitner, Hahn akiwa jeshini. Nobel ya kemia ya 1944, iliyotolewa kwa kazi nyingine kabisa, ilimwendea Hahn peke yake. Hiyo ni insha ya siku nyingine, na nikiianza leo sitamaliza.)

Sasa twende 1921. Urani huzaa thori fulani yenye nusu-uhai wa siku 24, na thori hiyo ndiyo mama wa brevium. Hahn aliwatenganisha mama na mtoto kwa kemia, akasubiri. Baada ya nusu saa, zaidi ya nusu-uhai 25 zimepita. Brevium haipo tena. Jani la dhahabu lilipaswa kutulia. Halikutulia. Kulibaki mionzi hafifu mno, isiyofika hata asilimia moja ya ile ya mwanzo, ikipungua kwa nusu kila baada ya saa 6.7 hivi.

Mtu mwingine angesema ni uchafu, akaosha vyombo vyake na kulala. Hahn aliandama uchafu huo. Kemia ikamjibu: ni protaktini. Na asili yake? Inatoka kwa thori ileile, kwa hiyo uzito wake ni 234, sawa na brevium. Elementi moja, uzito mmoja, nyakati mbili! Akaiita Urani Z na kuichapisha hivyo hivyo, ingawa hapakuwa na nadharia ya kuieleza. Frederick Soddy alikuwa amegusia mwaka 1917 kwamba jambo la namna hii linawezekana, lakini kugusia si kueleza.

Miaka ikapita, tarakimu ile imekaa peke yake kama shairi lisilo na mhakiki. Halafu, mwaka 1935, Igor Kurchatov na wenzake huko Leningrad waliipiga bromini kwa nyutroni. Bromini ya asili ina isotopu mbili, kwa hiyo walitarajia nusu-uhai mbili. Wakapata tatu.

Mwaka uliofuata Carl Friedrich von Weizsäcker alitoa maelezo. Kiini kinaweza kubaki na nishati ya ziada. Kwa kawaida hukitema ziada hiyo upesi kuliko kupepesa jicho, mara nyingi chini ya sehemu ya bilioni moja ya sekunde. Lakini hali ya juu na ya chini zikitofautiana sana katika mzunguko wa kiini, mlango wa kushukia huwa mwembamba, na kiini hukwama juu kwa dakika, saa, hata miaka.

Na kati ya wale wawili, ni nani aliyekwama juu? Kumbe ni brevium. Fajans na Göhring walikuwa wamekibatiza kiini kikiwa kimepandwa na mori. Kile kilichotulia, cha saa 6.7, kilisubiri miaka minane zaidi kuonekana. Mimi naona hapo jina lile lilikuwa na haki kuliko tulivyodhani. Kosa lake ni kupewa elementi nzima, wakati lilistahili hali moja tu ya kiini kimoja.

Jamaa wa brevium anayejulikana zaidi leo ni tekneti-99m, iliyotambuliwa na Emilio Segrè na Glenn Seaborg mwaka 1938. Herufi "m" pale mwishoni inaonyesha kiini kilichokwama juu. Nusu-uhai wake ni saa 6. Hudungwa kwa wagonjwa ili mifupa, moyo au figo zipigwe picha, na vitengo vya tiba ya nyuklia vya Dar es Salaam na Nairobi huitumia pia. Kwenye lebo ya dozi huandikwa kiasi pamoja na saa kilipopimwa, kwa sababu dozi ya saa mbili asubuhi, ikifika saa mbili usiku, imebaki robo.