Kuvua kwa ndoano Bwawa la Mtera: fuata maji, utampata samaki

Bwawa la Mtera liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Lilijengwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu ili kutunza maji ya kuzalisha umeme kule Kidatu. Mtambo wa Mtera wenyewe, wa megawati 80, ulianza kazi mwaka 1988.

Kwa hiyo maji haya ni ya umeme kwanza, na mvuvi anafuata yanavyopanda na kushuka. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Sehemu nyingi za kando ni tambarare, hivyo maji yakishuka kidogo tu, ukingo unasogea mbali. Uliposimama Mei unaweza kukuta ng'ombe wanachunga Oktoba.

Wakati wa mvua: Desemba hadi Aprili

Mito inaleta maji na majani ya kando yanafunikwa. Kambale hutoka kwenye kina, hasa usiku, na kutaga kwenye majani hayo. Maji yana tope, kwa hiyo kambale anatafuta chakula kwa harufu na kwa ndevu zake kuliko kwa macho. Tumia minyoo au utumbo wa kuku, na acha chambo kilale chini. Unapomtoa kwenye ndoano, jihadhari na miiba ya mapezi ya ubavuni.

Perege naye hupenda maji mafupi yenye joto. Dume huchimba kiota kama bakuli, na jike hubeba mayai mdomoni. Ukivua jike mwenye mayai au vifaranga mdomoni, mrudishe majini taratibu. Hapo ndipo ndoano inaposhinda wavu, kwa sababu samaki bado yu hai na unaweza kuchagua.

Wakati wa baridi: Mei hadi Agosti

Maji ni mengi na yameanza kutulia. Juni na Julai maji hupoa, samaki hushuka chini na hamu ya kula hupungua. Ongeza chubwi ili chambo kifike chini, na usikivute haraka. Usiwahi sana asubuhi. Subiri jua lipashe maji ya kando, kuanzia saa nne hivi. Kwa perege tumia ndoano ndogo, maana mdomo wake ni mdogo, na chambo cha mnyoo au ugali mgumu.

Kiangazi: Septemba hadi Novemba

Maji yanashuka, na samaki wanajikusanya kwenye kina kilichobaki, hasa palipokuwa na mkondo wa zamani wa mto. Vua alfajiri au jioni, jua likiwa kali samaki hawali vizuri.

Huu ndio msimu rahisi kuliko yote, na ndio wa hatari zaidi kwa bwawa. Samaki wakiwa wamebanana, kokoro moja linazoa wakubwa na wadogo pamoja. Hao ndio wazazi wanaosubiri mvua ili wazae. Wakimalizwa Oktoba, bwawa litajaa maji Machi lakini nyavu na ndoano zitatoka tupu. Kokoro na sumu vimekatazwa kisheria. Ukiona vinatumika, toa taarifa kwa afisa uvuvi au kwa BMU ya mwalo wako. Na wewe pia uwe na leseni.

Usalama wako

Mtera ina mamba na viboko. Usivue ukiwa umesimama ndani ya maji, hata kama yanafika magotini tu. Usikae sehemu ileile kila siku, kwa kuwa mamba anazoea mahali mtu anapokuja. Usipekue samaki ukingoni na kutupa matumbo hapohapo. Usiku viboko hutoka kwenda malishoni, basi usikae kwenye njia zao wala kati yao na maji. Hamu ya kambale wa usiku wakati wa mvua imewapeleka wengi kwenye majani yaleyale ambako mamba hujificha. Kama lazima uende usiku, msiende chini ya wawili, muwe na tochi, na mkae pakavu palipo wazi.