Kakira na kuta za Gisaka

Mashariki mwa Kigali, kabla barabara haijashika njia ya Rwamagana, kuna Kabuga, katika sekta ya Rusororo wilayani Gasabo. Ukiifuata barabara hiyo kupita Kayonza na Ngoma hadi Kirehe, karibu na mpaka wa Rusumo, unaingia Gisaka ya zamani, chimbuko la imigongo, mapambo ya ukuta yanayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe.

Wazee wa huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake kwa namna hiyo. Gisaka ilikuwa ufalme uliojitegemea, hadi Rwanda ilipoumeza katikati ya karne ya 19. Mapambo yalikaa ndani ya nyumba, na kazi ilishikwa na wanawake. Mpita njia hakuona kitu. Aliyeyafaidi ni mgeni aliyekaribishwa ndani. Kwangu mimi hilo ndilo linalotenga sanaa hii na madoido ya nje tunayoweka siku hizi ili jirani aone.

Kinyesi huchanganywa na majivu, yanayokata harufu. Fundi huchora kwanza mistari ya maumbo kama pembetatu, kisha huubandika mchanganyiko kwa vidole na kuubana pande zote mbili hadi utokeze kama tuta jembamba. Hapo ndipo mkono mgeni unapojulikana: tuta likipinda kidogo tu, pembetatu zote zinazofuata nazo hupinda. Mchanganyiko ukikauka husuguliwa kwa msasa, ndipo rangi hupakwa. Nyeupe na nyekundu hutoka kwenye udongo. Nyeusi ya asili hutengenezwa kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri.

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliipiga vibaya Nyarubuye, huko Kirehe, palepale sanaa hii ilipokuwa na mizizi. Baadaye wanawake, wakiwamo wajane, waliifufua katika ushirika uliopewa jina la Kakira. Lakini sasa walifinyanga juu ya mbao, kwa kuwa ubao unauzika na kusafirishwa. Kuta zenyewe nazo zilibadilika. Kufikia 2011 kampeni ya serikali ya kuondoa nyumba za nyasi, nyakatsi, ilikuwa imekwisha kuzifuta karibu zote, na familia zikahamia chini ya mabati.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Kabuga anayetaka imigongo leo ana njia mbili za kweli. Anaweza kununua ubao autundike sebuleni, au amwite fundi aipige michoro ile moja kwa moja ukutani. Ya pili ndiyo iliyo karibu na Kakira, hata ikiwa kwa saruji. Kinachoniudhi ni ile ya tatu, ya bei nafuu: pembetatu zilizopakwa rangi bapa bila tuta. Mapambo hayo hayana kivuli, na nusu ya mchoro wa imigongo hufanywa na kivuli.